Utafiti wa Njia za Panya

Kila mtu kijijini Khirbat Lawza alikuwa ameridhika, na mimi hasira zilikuwa zimenifika kooni.

"Kutoka moja hadi tano, unaridhika kiasi gani na zahanati ya kijiji chenu?" Niliuliza hivyo nyumba baada ya nyumba, na kila nyumba ilinijibu tano, Mungu awabariki, awarehemu na wazazi wenu. Bibi mmoja ambaye hakuwahi kuikanyaga zahanati tangu ijengwe alitaka kunipa sita. Nikamwambia bibi, sita haipo. Akasema, "Andika tu mwanangu, usione haya."

Zahanati yenyewe wakati huo ilikuwa tupu. Muuguzi alishinda peke yake akipima uzito wa mkoba wake kwenye mizani ya watoto. Mkunga alipanda kutoka mjini Karak kila wiki, akanywa chai, akateremka. Shirika la Amman lililokuwa likilipa gharama lilikuwa limeshafikia uamuzi: wanawake wanasema wameridhika, lakini hawaji, basi hawana shida nayo. Zahanati ifungwe kabla ya mavuno ya ngano, na mashine ya kupimia mimba ipelekwe kwingine. Kilichobaki kilikuwa ripoti yetu sisi watafiti, na ripoti ilikuwa inakwenda kusema tano.

Ningeiacha iseme hivyo kama si Wijdan. Huyu ni binti wa Baba Saqr, mwenye baraza kubwa ya wageni ya kijiji, na ameolewa hatua chache kutoka kwa baba yake. Naye alinipa tano. Nilipoweka kalamu mkobani na kufika mlangoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba majira ya baridi yaliyopita alimpoteza mtoto njiani, ndani ya pikapu ya mumewe, wakiteremka mjini. Kwamba hakuwa amepimwa hata mara moja. Na kwamba sasa ana mwingine tumboni. Kisha akanifungia tini kavu nile safarini. Nilikaa ndani ya gari nikizitazama zile tini na ile tano, nikatamani kupiga honi mpaka kijiji kizima kitoke nje.

"Rudaina," alisema mkuu wangu, Daktari Mundhir, kwenye simu, "ukiona majibu yana mashaka, ongeza sampuli."

"Daktari, nikiongeza sampuli nitaongeza uongo tu."

"Takwimu hazisemi uongo."

"Hazisemi. Zinasemeshwa."

Akakohoa. Daktari Mundhir ndiye aliyenifundisha kazi, na anaziamini namba kama mama yangu kule Irbid anavyoyaamini mafuta ya zeituni, kwamba hakuna maradhi yasiyoyaponya. Si mtu mbaya. Siku ya kwanza alikuja mwenyewe, tukapokewa barazani kwa Baba Saqr, na alivyonogewa na habari za wastani na asilimia akawa anasahau kutikisa finjani. Huku kwetu ukirudisha finjani bila kuitikisa, maana yake mimina tena. Wakammiminia, akaeleza, wakammiminia, akaeleza. Usingizi ulimkataa hadi alfajiri. Baraza ikapata la kucheka: daktari wa mambo ya jamii, kashindwa na finjani.

"Nipe wiki mbili," nikamwambia. "Nifanye kwa njia nyingine. Wanawake wenyewe ndio wawe watafiti."

"Mambo yenu mapya haya! Leo anayechunguzwa achunguze, kesho mgonjwa ajipasue." Nikasikia akipekua kalenda. "Haya, jaribu. Lakini tarehe ya ripoti haisogei."

Nilikata simu nikaruka juu. Kweli niliruka, pale kando ya barabara, na mchunga kondoo mmoja aliniona, shauri yake.

Mama Saqr, mama yake Wijdan, ana tanuri la mkate nyuma ya nyumba, na hapo ndipo wanawake hukutana asubuhi. Nikawakuta sita, Wijdan akiwamo, nikawaambia bila kuzunguka: "Kuanzia leo watafiti ni nyinyi."

Walicheka mpaka mkate mmoja ukaungua.

"Na mshahara wa daktari tutaupata?" akauliza Fidda, mjane wa jirani, mwenye maneno kuliko redio.

"Utapata kazi ya daktari."

"Bila mshahara? Kumbe ni kama ndoa."

Nikawasomea dodoso langu ili tulitengeneze upya pamoja. Sikumaliza hata ukurasa.

"Moja mpaka tano!" Fidda akadakia. "Kwani tunachagua nyanya?"

Mama Saqr alinitazama kwa huruma huku akirusha donge la unga kutoka kiganja hiki hadi hiki. "Mwanangu, wewe ni mgeni. Mgeni akikuuliza habari za nyumbani, utamwambia paa linavuja?"

"Siku zote hizi, mama, bado mgeni?"

"Basi shika unga huu ukande. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Nikakanda. Mikono ikiwa imenata unga hadi kwenye viwiko, nikakumbuka jambo ambalo watafiti wa siku hizi wamelianza kwingine, nikasema: "Basi tusiulizane. Tutembee. Kila mmoja wenu amchukue jirani, shoga, wifi, amwambie neno moja tu: nipeleke zahanati kama unavyokwenda siku zote. Halafu afunge mdomo amfuate."

Nilitegemea kelele. Badala yake kila mmoja alipata kitu cha kutazama chini. Wijdan alikuwa akipangusa unga usiokuwapo gotini. Sikuelewa kitu, lakini moyo ulinidunda kwa furaha, kwa sababu ukimya wa namna ile dodoso halijawahi kuniletea.

Mimi nilimchukua Fidda. Kutoka kwake hadi zahanati ni barabara moja iliyonyooka. Ukisimama mlangoni kwake unaiona. Fidda alitoka ndani akaipa barabara mgongo. Tukapita nyuma ya mazizi ya mbuzi, tukaruka ukuta wa mawe, yeye na umri wake na mimi na viatu vyangu vya mjini, tukapenya katikati ya mitini, miti ya tini ya Baba Saqr, tukaibukia kwenye kona ya tangi la maji. Pale akasimama, akavuta ushungi mpaka puani.

"Mbona tumesimama?"

"Hapa ndipo ninapongojea."

"Unangojea nini?"

"Upepo."

"Upepo gani?"

"Wa vumbi. Ukivuma, wale wanaingia ndani."

Nikachungulia. Mbele yetu kulikuwa na mlango wa zahanati, na mkabala nao, ng'ambo tu ya barabara, baraza ya Baba Saqr. Wanaume walikuwa wamejipanga kwenye viti chini ya mzabibu kama watu wanaotazama mpira. Hakuna mbaya kati yao. Walikuwa wamekaa tu, kama baba zao walivyokaa. Lakini hakuna mwanamke anayeweza kupanda zile ngazi bila kupita mbele ya macho yote yale, na kabla hajarudi nyumbani mama mkwe ameshaanza kufuma soksi za kitoto.

"Lakini wewe, Fidda, unakwenda kupima presha."

"Mimi ni mjane, mwanangu. Nikipanda zile ngazi mara mbili, watauliza hiyo presha imeingilia wapi."

"Na upepo usipovuma?"

"Nangoja adhana ya adhuhuri. Waende msikitini."

"Halafu unaingia."

"Halafu namkuta muuguzi naye kafunga, kaenda kuswali na kula. Narudi zangu nyumbani, nina afya njema, alhamdulillahi."

Nilitaka kumkumbatia. Nikamkumbatia, palepale kwenye kona. "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie vipi? Ulikuwa ukitoka barazani palepale, una harufu ya kahawa yao, unakuja kuniuliza kama nimeridhika."

Siku zile sikula vizuri wala sikukaa kitako. Kila nilipomkuta mmoja wa wale sita aliniambia subiri, subiri, huku macho yakimcheka. Walipokuwa tayari tukakutana kwenye tanuri. Hakuna aliyetaka karatasi. Mama Saqr akamwaga unga juu ya ubao mkubwa wa kusukumia mkate, akausawazisha kwa kiganja, akaweka kikopo cha chumvi kiwe zahanati na kifuniko cha dele la kahawa kiwe baraza. Tukakubaliana kwamba hakuna jina litakalotajwa. Kila mmoja akachora kwa kidole njia aliyopitishwa.

Kidole cha kwanza kikazunguka nyuma, kikaishia kwenye tangi. Cha pili hivyohivyo. Wa tatu alipoanza, Fidda akasema usinambie, na kweli, kikazunguka. Kufikia wa nne hakuna aliyekuwa akicheka. Barabara kuu, ile iliyonyooka, ilibaki unga mtupu, haina alama hata moja.

Wijdan alichora wa mwisho, na alichora njia yake mwenyewe. Alipofika kwenye tangi akakandamiza kidole mpaka kikagusa mbao.

"Hapa nilisimama majira ya baridi," alisema. "Nikasimama, nikarudi. Siku nyingine nikasimama, nikarudi. Nilidhani ni mimi tu mwenye haya za kijinga."

"Mimi nilidhani ni mimi," akasema Fidda.

"Na mimi," akasema Mama Saqr. "Mke wa mwenye baraza! Nilisema nikifungua mdomo watasema uzee umeniingia vibaya."

"Lakini mama," Wijdan akamkatiza, "mimi nilikukuta pale siku moja! Ukaniambia unatafuta mbuzi."

"Na wewe ukaniambia unatafuta mbuzi!"

"Ya Rabi," Fidda akapiga makofi, unga ukatimka, "mbuzi wa kijiji hiki wamepotea mno!"

Hapo sasa wote wakawa wanasema kwa pamoja, kumbe na wewe, kumbe na wewe, wanacheka na kulia, wanashikana mabega, nywele zimejaa unga. Na mimi nilikuwa nikilia. Miaka yote ya kusoma kwangu nilikuwa nikilitafuta jambo kama lile bila kulijua: kijiji kizima cha wanawake kimejificha kwenye kona moja, na kila mmoja anaamini yuko peke yake.

"Lakini hatuwezi kulisema," akasema Mama Saqr alipojifuta macho. "Kiwanja cha zahanati alikitoa mume wangu. Alikitoa mbele ya baraza yake, mahali pa heshima kuliko pote. Nani atamwambia mtu kwamba zawadi yake inatuumbua?"

Nikampigia mkuu wangu. "Daktari, njoo."

"Umepata nini?"

"Nimepata unga."

"Rudaina, unga si data."

"Njoo uutazame kabla haujaokwa."

Alikuja. Mama Saqr akamtembeza ile njia, yeye mbele, daktari nyuma, na ule ukuta wa mawe ukamchana suruali. Kwenye kona ya tangi alisimama muda mrefu akichungulia. "Nilikaa pale," akasema hatimaye. "Nilikaa kwenye kile kiti cha kijani kutwa nzima, nikiwauliza wanaume kama wake zao wameridhika." Nilijiandaa kumwonea huruma, lakini alipofika kwenye ubao akabadilika akawa kama mtoto. Huyu kageukia wapi? Na huyu mbona amesita hapa? Mnaona, wote wanakutana hapa! Akainama kupiga picha, kwa furaha akataka kushika, Fidda akamzuia: "Daktari, nawa kwanza. Hiyo data ni chakula cha mchana."

Dawa ilikuwa wazi kwa kila mtu: mlango wa nyuma, unaotazama upande wa tanuri, na kinjia cha kufikia hapo katikati ya mitini. Husemwa nyumba njema si mlango. Aliyesema hivyo hakuwahi kuwa na mimba Khirbat Lawza. Daktari Mundhir akawapigia simu watu wa shirika, akawaombea zahanati msimu mmoja zaidi, na mara ya kwanza maishani mwangu nilimsikia akibishana na mtu bila kutaja namba hata moja. Wakamjibu: pakiwa na mlango kabla ya ripoti, sawa, pasipokuwapo, wanafunga. Mitini ni ya Baba Saqr, na ukuta wa nyuma unapakana na shamba lake. Kila kitu sasa kilikuwa mkononi mwake.

"Nitamwandikia barua rasmi," akasema daktari.

"Mwandikie. Ataifunikia mtungi," akasema Mama Saqr. "Sisi tutakwenda kama wanavyokwenda wanaume kuposa."

Kwetu, wenye ombi zito huenda kwa ujumbe. Wakimiminiwa kahawa, mkuu wao anaiweka finjani chini bila kuigusa, na wenzake wote vivyo hivyo. Mwenyeji akilikubali ombi husema: kunyweni kahawa yenu. Asipolikubali, kahawa inapoa na aibu inabaki nyumbani kwake. Ujumbe wa wanawake watupu, tena mkuu wake ni mke wa mwenye nyumba, hakuna aliyewahi kuusikia.

"Na wewe, daktari," Mama Saqr akamwonya, "ukinywa umetuua."

Tukaingia barazani baada ya swala ya alasiri. Wanaume waliinuka kwa pamoja.

"Mama Saqr?" Baba Saqr alishtuka. "Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Tumekuja na haja."

Saqr mwenyewe, kaka yake Wijdan, ndiye aliyekuwa na dele. Alimmiminia mama yake. Mama Saqr akaiweka finjani chini. Akaweka Fidda. Wakaweka wengine. Nikaweka mimi. Daktari Mundhir akaipokea yake, na kwa mazoea mkono ukaanza kupanda kuelekea mdomoni. Fidda akakohoa kama trekta linalokataa kuwaka. Mkono ukashuka. Wijdan alikuwa amesimama nyuma karibu na nguzo, na huko Saqr hakufika; ujasiri ulimwishia njiani.

Baba Saqr alizitazama zile finjani chini, zinatoa mvuke. "Nimeishi nawe umri wote huu," akamwambia mkewe, "leo unaniwekea finjani chini?"

"Ningekuomba nyumbani ungesema tutaona."

Mmoja wa wazee alicheka, akajifanya anasafisha koo.

"Semeni haja yenu."

"Tunataka mlango. Nyuma ya zahanati, na kinjia ndani ya mitini yako."

"Zahanati ina mlango. Nami nimeiweka mahali pazuri kuliko pote."

"Uliiweka, Mungu akulipe kheri. Ndiyo maana tumenyamaza."

Akamgeukia daktari. "Wewe ulileta makaratasi. Makaratasi yalisema nini?"

"Yalisema tano, Baba Saqr. Kila nyumba tano."

"Basi?"

"Basi yalikuwa mgeni," akasema Daktari Mundhir. "Yakajibiwa kwa adabu."

Baba Saqr aliutazama mlango wa zahanati ng'ambo ya barabara, kisha akageuka kutazama safu ya viti, kiti kwa kiti, mpaka chake. Nikaona uso wake ukianza kufahamu, na ukikataa. "Ni nani kati yenu aliyeshindwa kupita hapa?" akauliza. "Nitajieni mmoja."

Tulikuwa tumeahidiana kutotaja jina, na mimi niliuma ulimi hadi ukauma kweli. Mvuke ulikuwa umekwisha juu ya finjani. Nilijisemea, imekwisha, tumeshindwa.

"Mimi, baba," alisema Wijdan kutoka kwenye nguzo.

"Lini?"

"Majira ya baridi."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Yeye ndiye aliyemzika yule mtoto, kwa mikono yake. Alisimama, akamnyang'anya Saqr dele. "Kunyweni kahawa yenu," alisema.

Hakuna aliyekunywa, kwa sababu wote tulikuwa tukimtazama. Alichukua finjani, akampita daktari, akanipita mimi, akamfikia binti yake, akammiminia mwenyewe. Wijdan aliipokea asinywe.

"Utafunguliwa wapi, baba?"

"Nyuma. Kwenye mitini."

"Lini?"

"Kesho asubuhi. Hawa wote unaowaona wana mikono."

Ndipo Wijdan akanywa, na sisi sote tukanywa, imepoa na chungu vilevile, na Fidda akapiga vigelegele mpaka muuguzi akatoka nje kuuliza nani anaolewa. Daktari Mundhir alimaliza yake, akaitikisa finjani kwa nguvu mara nyingi, ili dunia nzima ione kwamba amejifunza.

Wijdan aliirudisha ya kwake bila kuitikisa.

Baba Saqr aliitazama. "Nikuongeze?"

"Niongeze."

"Kuna haja nyingine?"

"Haja hakuna," akasema Wijdan, na kwa mguu akakivuta kile kiti cha kijani, akakigeuza kiipe zahanati mgongo. "Nina maswali. Umeketi hapa miaka yote hii ukiitazama barabara, na hujawahi kuulizwa wewe mwenyewe unaona nini. Keti, baba."

Baba Saqr akaketi.